Jicho la Kushoto la Etiye Yeshimebet

Mteja wa kwanza kuikataa injera ya Etiye Yeshimebet hakusema sababu. Alizitazama chapati zile pana, laini, alizowekewa kikapuni, akamtazama mpikaji usoni, kisha akasema amekumbuka kwamba nyumbani bado zipo za jana. Wa pili hakuwa na haya hiyo. Huyu alikuwa Almaz, mwenye mkahawa jirani na maegesho ya malori, mnunuzi wa kila asubuhi kwa miaka mingi.

"Etiye, nisamehe," alisema, akimwita kwa heshima ya mwanamke mkubwa. "Wateja wangu wanasema machozi yako yanaingia kwenye unga."

"Wateja wako wamekuja lini jikoni kwangu?"

"Hawajaja. Wanakuona barabarani."

"Basi na wale hukohuko barabarani," Yeshimebet akamjibu, akakifunika kikapu.

Lakini Almaz alipokwisha kwenda, Yeshimebet alikaa kwenye kigoda akakivua kitambaa alichokuwa amekifunga kuzunguka uso, chini ya jicho la kushoto, ili lisidondoshe hata tone. Kilikuwa kimelowa chepechepe. Alikikamua, akakifunga tena, akamimina rojo la unga wa teff, nafaka yetu ya injera, kwenye bamba la moto. Mvuke ukampanda usoni. Jicho likachuruzika kama kawaida yake, nalo likiguswa liliuma hadi kwenye jino.

Kilichomfikisha hapo kilikuwa ni tiba. Moto wa bamba na upepo wa vumbi wa mji wetu wa Adama vilikuwa vimemkausha macho yote mawili mpaka kupepesa kukawa kama kusugua mchanga. Mwanawe Dereje, dereva wa lori la masafa, akatoa mshahara wake mama akatibiwe kwenye kliniki ya macho ya Daktari Surafel. Daktari akamwekea vizibo viwili, kimoja kila jicho, vidogo kuliko mbegu ya ufuta, kwenye vile vitundu vya pembeni mwa kope ambavyo machozi hupitia kwenda puani. Machozi yakizuiwa, jicho hubaki na unyevu wake. Jicho la kulia lilishukuru tangu siku ile ile. La kushoto lilikaa vizuri kwa muda, halafu likaanza kulia na halikunyamaza tena. Asubuhi usaha uligandisha kope, ikambidi alifungue kwa maji ya uvuguvugu.

*

Aliporudi kliniki kulalamika, binti wa mapokezi alimtazama usoni, akamnyooshea kidole kiti cha mwisho kabisa, pembeni ya mlango wa choo.

"Kaa kule, mama. Usije ukawaambukiza wenzio."

Bwana mmoja mwenye koti zuri, aliyekuwa ameketi kiti cha pili kutoka hapo, aliinuka akaenda kusimama ukutani. Yeshimebet alikaa. Alijifanya anasoma bango la miwani.

Daktari Surafel alikuwa kijana mpole mwenye haraka. Alilifungua jicho kwa kidole gumba, akamulika, akaachia.

"Kizibo hakipo," alisema. "Kimeshatoka chenyewe. Hutokea."

"Kimetoka kikaenda wapi?"

"Kimeanguka. Labda ulisugua jicho usingizini."

"Daktari, hakikuanguka. Kipo. Ukinibonyeza hapa pembeni napaa mbinguni."

"Huo ni mzio, mama. Wewe si unapika? Ni moshi."

"Natumia umeme."

"Basi ni mvuke." Alikuwa ameshaanza kuandika. "Hizi dawa ni kali kuliko zile za mwanzo. Tumia, utapona."

"Hata zile za mwanzo ulisema hivyohivyo. Mbona hunibonyezi? Nibonyeze hapa mara moja tu."

"Mama, mimi nimesomea macho," alisema Daktari, bila ubaya, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Alitoka amefura kwa hasira, na hasira yenyewe haikuonekana, maana kwa jicho lile kila aliyepishana naye aliona mwanamke mzima anatoka hospitali akilia. Mzee mmoja getini hata alimwambia, "Pole, Mungu ni mkubwa." Yeshimebet alitamani kumpiga kikapu.

*

Nyumbani mumewe Beyene, ambaye kwa umri wake huitwa Gashe, mlinzi mstaafu wa kiwanda cha nguo, alikuwa na jambo moja tu la kusema.

"Usimwambie mtu."

"Nisimwambie mtu nini? Jicho si linaonekana?"

"Waseme wanavyotaka. Ila habari ya vizibo iishie humu ndani." Beyene aliongea akitazama sakafu. Yeye ndiye aliyewatambia wenzake kwenye mkutano wa idir, chama chetu cha kuzikana, kwamba mkewe ametiwa vizibo vya kitaalamu, vitu ambavyo wake za matajiri huvifuata Addis Ababa. "Nimeshasimama mbele za watu nikasifu. Sasa nirudi niseme vimeoza jichoni? Na pesa ya mtoto imeliwa?"

"Kwa hiyo mimi nioze kimyakimya ili wewe usichekwe."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Umelainisha maneno tu."

"Nenda kwenye maji ya baraka basi. Dada yangu alipona mgongo."

"Nitaenda, na nitaomba, na kizibo kitabaki palepale. Mungu hakukiweka yeye."

Rundo la injera zisizouzwa lilikuwa mezani baina yao, limeanza kukauka kingo.

Juu ya yote hayo, Dereje alikuwa hapatikani kwenye simu. Safari hiyo alikuwa njia ya Jibuti, na kwa kawaida hupiga akifika mpakani, hata kama ni kusema tu amekula. Sasa siku zilikuwa zimepita. Kila jioni Yeshimebet alitoka kusimama getini, mahali ambapo mtandao unashika vizuri, simu sikioni, akisikiliza ile sauti ya mwanamke anayesema nambari haipatikani. Netela yake, ile shela nyeupe ya pamba, alikuwa ameigeuza. Wanawake wote huacha pindo la rangi lianguke chini, yeye akalipandisha juu shingoni na shavuni, kwa sababu kwenye rangi madoa ya usaha hayaonekani.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na ni kosa ambalo mtu wa kwetu hakupaswa kulifanya. Pindo la rangi hupandishwa usoni na mfiwa.

*

Wa kwanza kumwona alikuwa Zenebu, jirani wa ukuta mmoja, mke wa mwenyekiti wa idir. Alimwona Yeshimebet getini machweo, simu sikioni, pindo usoni, machozi yanashuka. Kesho yake akamwona tena. Zenebu ni mwanamke wa maneno mengi, lakini hilo hakulisema kwa sauti, maana hapa kwetu mtu haendewi kuulizwa habari ya kifo. Aliyefiwa na hajui, hujulishwa alfajiri, watu wake wakiwa wamemzunguka. Aliyefiwa na anajua, watu huja kukaa naye. Kuuliza, huulizi.

Mumewe, Gashe Lemma, aliona angalau ahakikishe. Akakutana na Beyene kwa kinyozi.

"Dereje siku hizi yuko njia gani?" akauliza, kwa sauti ya taratibu aliyoiweka tayari.

Beyene, ambaye usiku kucha alikuwa akiwaza jicho, injera zilizokauka na mtoto asiyepokea simu, alifungua mdomo, akaufunga, akainamisha kichwa, akatoka bila kunyolewa. Lemma aliporudi nyumbani alimwambia mkewe atoe ngano kwenye gunia, achemshe nifro ya msiba.

*

Baragumu la idir lilipita mtaani kabla jua halijatoka. Yeshimebet alilisikia akiwa anafungua jicho kwa maji ya uvuguvugu, akaanza kuwapitia akilini wagonjwa wa mtaa mmoja mmoja, nani kaondoka. Hakupata jibu. Akasikia miguu mingi inakuja, akasubiri ipite, isipite. Ilisimama getini kwake.

Alipofungua aliona turubai. Wanaume walikuwa wameshusha nguzo na mabenchi, na nyuma yao wanawake wamepandisha mapindo usoni wote, na Zenebu mbele yao. Zenebu alipomwona alipiga ukelele uliopasua mtaa.

"Dereje wangu! Mtoto wangu wa asali! Njia imekula kijana!"

Wakaitikia wote. Wawili wakamshika Yeshimebet mikono. Alichokifikiria kilikuwa wazi kama mchana: wameletewa habari, wamekuja kumjulisha. Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Alimwona Dereje mdogo, akilamba asali kwenye kijiko. Jicho la kushoto likaendelea kulia vilevile kama jana na juzi, halikuongeza wala kupunguza, na hilo lilimuuma kuliko yote, kwamba hata leo jicho hili halijui linalia nini.

"Amefia wapi?" aliuliza hatimaye.

Zenebu alinyamaza katikati ya kilio. "Kwani hukuambiwa wapi?"

"Niambiwe na nani? Si ninyi mmekuja kuniambia?"

"Sisi tumekuja kukaa nawe. Wewe ndiye uliyepata habari."

"Mimi?"

Waliacha kulia mmojammoja, wa nyuma wakawa wa mwisho. Beyene alitokea mlangoni na blanketi mabegani, akaliona turubai, akashika fremu ya mlango.

"Nani kawaambia mtoto wangu amekufa?" Yeshimebet akauliza. Sauti sasa ilikuwa nyingine.

Watu wakamtazama Lemma, Lemma akamtazama Beyene, Beyene akatazama sakafu.

"Wewe, mwanamume, acha kutazama chini," mkewe akamwambia. "Una nambari ya yule dereva mwenzake, yule wa Dire Dawa. Piga."

Beyene alipiga. Simu iliita, ikapokewa, pakawa na mabishano ya mbali, mtu anaamshwa. Yeshimebet aliinyakua.

"Mama?" Ilikuwa sauti ya Dereje, nzito kwa usingizi. "Simu yangu ilitumbukia kwenye pipa la maji. Tumekwama huku, foleni ya mpakani. Kuna nini asubuhi hii?"

"Umekufa," Yeshimebet akasema. "Turubai liko hapa, na idir nzima."

"Nini?"

"Kula chakula chako. Nitakupigia."

Alikata. Alisimama pale getini, na ikamrudia hasira yote ya tangu jicho lianze kulia, mpaka ile ya kiti cha mlango wa choo.

*

Zenebu ndiye aliyesema kwanza. Aibu ilimpanda, na aibu ya Zenebu huwa haikai muda mrefu bila kugeuka lawama.

"Sasa tufikirie nini? Mtu mzima unalia barabarani mwezi mzima, umejifunika kama mfiwa, ukiulizwa hali unasema salama. Tumechemsha nifro gunia zima."

"Silii," Yeshimebet akasema. Beyene alikohoa. Yeshimebet hakumtazama. "Ni kizibo. Niliwekewa vizibo vya machozi, mliambiwa mkutanoni, mkapiga makofi. Cha kulia kimetulia. Cha kushoto kimezama ndani kikaoza. Nimemwambia daktari, anasema kimeanguka. Nimemwomba anibonyeze, hataki. Injera zangu hamnunui, mnasema nawapikia machozi. Hiyo ndiyo habari yote, na mume wangu alitaka niifiche."

Gashe Lemma alikohoa kama kiongozi.

"Basi tumshukuru Mungu, kijana yu hai. Vijana, kunjeni turubai."

"Halikunjwi," Yeshimebet akasema.

"Etiye?"

"Nimechangia idir hii tangu sijazaa. Msiba gani mtaani humu haukulishwa injera zangu? Turubai likishapigiwa baragumu ni la mtu, na leo ni langu. Mmekuja kukaa na mimi. Kaeni. Ila si hapa."

"Wapi?"

"Kwa Daktari Surafel."

Beyene akatoka mlangoni sasa. "Yeshi, tafadhali. Aibu."

"Aibu nimekaa nayo peke yangu mpaka nimechoka. Leo tunagawana."

Lemma alianza kusema kwamba katiba ya idir haitaji kliniki. Lakini Zenebu alikuwa ameshajitwisha sufuria ya nifro kichwani. Ni kweli mdomo wake una kero, ila si mwanamke wa kuacha ngano gunia zima ipotee bure.

"Twendeni," alisema. "Kilio nimeshakianza, siwezi kurudi nacho nyumbani."

*

Kliniki ilipofunguliwa, turubai lilikuwa limeshasimama kando ya geti lake, mabenchi yamejaa, wanawake wamepandisha mapindo. Walikaa kimya kama inavyotakiwa msibani, wakipitishiana nifro kwa viganja. Mgonjwa wa kwanza alishuka kwenye bajaji akaona, akasita.

"Nani amefia humu?" akamuuliza Zenebu kwa sauti ya chini.

"Bado," Zenebu akasema. "Tunasubiri."

Mgonjwa alirudi kwenye bajaji yake. Wa pili naye vivyo hivyo. Bwana mwenye koti zuri alifika, akaona, akavua kofia, akaketi benchi la mwisho akapewa nifro, akala kwa huzuni bila kujua anamhuzunikia nani. Binti wa mapokezi alichungulia, akakimbilia ndani. Daktari Surafel alitoka na koti lake jeupe halijafungwa vifungo.

"Jamani, kuna nini? Hapa hajafa mtu."

"Ndiyo maana tumekuja mapema," Zenebu akamwambia.

Yeshimebet alisimama. "Daktari, sikuja kugombana. Nataka unibonyeze hapa. Usipoona kitu, turubai linakunjwa na nitaomba radhi mbele ya hawa wote. Ukiona kitu, utasema wewe, mbele ya hao hao."

Daktari alitazama benchi hadi benchi. Wazee wa kiume walimtazama bila uadui, kwa subira ya watu waliozoea kukaa siku nzima.

"Ingia, mama," alisema.

Binti wa mapokezi alikiwahi kile kiti cha mlango wa choo akakifuta vumbi. Yeshimebet alimpita, akaketi cha mbele.

Safari hii Daktari hakuwa na haraka. Alimtia ganzi, akainama juu ya jicho lile na darubini yake, akabonyeza kwa kijiti chenye pamba pembeni mwa kope, pale alipoombwa tangu mwanzo. Usaha ulitoka. Akabonyeza tena, ukatoka mwingine. Kisha akachukua kisu chembamba akapanua tundu kidogo, akaminya polepole, Yeshimebet akiwa ameukamata mkono wa Beyene, ambaye alikuwa ameingia bila kuitwa na uso umempauka kuliko wa mgonjwa. Kitu kidogo kikatoka kwenye pamba, cheusi, kimevikwa uchafu.

"Ni hicho?" Yeshimebet akauliza.

"Ndicho. Kiliteleza kikaingia kwenye mfereji." Daktari alivua glavu. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Nilitazama mlangoni tu. Sikutazama ndani. Nisamehe, mama."

"Kaseme huko nje."

Alitoka. Alisimama mbele ya turubai na pamba yake mkononi, akasema kizibo kilikuwa ndani, mgonjwa alisema kweli, yeye ndiye hakumsikiliza. Aliyasema vizuri, hakuyatafuna. Gashe Lemma akatikisa kichwa kama amepokea rambirambi. Zenebu akamnyooshea Daktari kiganja cha nifro, naye akakipokea, maana nifro ya msibani haikataliwi.

"Jicho likipona," alimwambia Yeshimebet alipokuwa akimpa dawa, "naweza kukuwekea kingine, kikubwa kidogo, ambacho hakizami. Sitakutoza."

"Hapana."

"Litakauka tena."

"Likauke. Nimelizoea kavu, linanitii."

"Na hiki cha kulia nikitoe?"

"Kiache. Hicho hakijanikosea."

*

Almaz wa mkahawa alirudi kabla kidonda hakijafunga. Yeshimebet alimwambia injera zipo, ila apange foleni nyuma ya watu wa idir, na Almaz akapanga. Foleni ilikuwa ndefu kwa sababu kila aliyenunua alitaka kusimuliwa tena yule bwana wa koti alivyovua kofia. Msimuliaji mkuu alikuwa Beyene, amekaa kwenye kigoda mlangoni, na alisimulia kama vile turubai lilikuwa wazo lake. Mkewe alimwacha.

Dereje alifika jioni moja, vumbi mpaka kwenye kope. Mtaa mzima ulitoka kumwona kijana aliyeliliwa akiwa mzima, wakampigia vigelegele, wakampapasa mikono na mabega. Zenebu alimkumbatia akalia tena, safari hii kwa furaha, akasema kilio cha kwanza kilikuwa mazoezi. Wakampisha apite. Yeshimebet alikuwa amesimama kwenye bamba lake, mikono ina rojo la teff, netela imekaa sawasawa, pindo chini. Alimshika mwanawe uso kwa mikono yake miwili yenye unga, akamtazama.

Watu walimtazama yeye. Hapa kwetu mama anayempokea mtoto aliyerudi kutoka wafu anatazamwa. Jicho la kulia lilijaa, likafurika, likamwagika mpaka kidevuni. La kushoto, jekundu bado kidogo, lilibaki kavu kabisa.

Zenebu alisogea karibu, akainamisha kichwa amchungulie vizuri.

"Etiye, mtoto kafufuka, nawe unamlilia jicho moja tu?"

"Hili lingine," Yeshimebet akasema, bila kuuachia uso wa mwanawe, "lilishamlilia mwezi mzima, mkalisusia injera. Limemaliza zamu yake. Sasa linatazama."